Viatu Mlangoni

Siku ile ya maandamano nilikuwa nyumbani Mtopanga nakuna nazi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, natazama laivu ya jirani aliyekuwa akirekodi kutoka ghorofani. Askari walikuwa wakiwafukuza vijana mitaani. Nilitazama kama mtu atazamavyo mpira.

Mara vijana wakaingia ukumbini kwetu mbio, macho mekundu kwa moshi. Mamangu akawaketisha mkekani, akawapa maji. Nami nikarudi kwenye simu nione askari wamefika wapi.

Walikuwa wamefika kichochoroni kwetu. Niliuona mlango wetu, na kanga yangu kwenye kamba. Halafu nikaviona viatu. Wallahi, watoto wale walikuwa wakikimbia risasi, na bado walivua viatu nje, kama walivyofunzwa na mama zao, wakaviacha vimejaa mlangoni. Chini ya picha mpumbavu mmoja akaandika, "Hapo ndipo walipo," akaweka na vikatuni vya kucheka.

Askari akasimama, akavitazama viatu.

Mlango wetu ukagongwa. Kwenye simu, ambayo huchelewa kidogo, ndio kwanza alikuwa anainua mkono.