Kitenge cha Bluu cha Buzebazeba

Nikikumbuka kisa hiki nacheka, kisha nanyamaza, maana sina wa kucheka naye.

Nilikuwa mwalimu mgeni Kigoma, nimehamishwa kutoka Njombe, na kila jioni nilishona shuka la viraka ili upweke wa chumba usinishinde. Vitambaa nilinunua kwa wakimbizi kutoka Kongo, waliouza vitenge vyao wakiwa wamevitandaza mikekani nje ya nyumba walizofikia. Nilijiona bingwa wa kuvikagua.

Siku moja, mtaani Buzebazeba, nikaona mkeka, wanawake watano wamekaa, na vitenge vimekunjwa katikati. Nikasalimia, nikavua viatu, nikaketi nao. Wakanisogezea nafasi. Nikachukua kitenge cha bluu, nikakigeuza kuona kama rangi imetokea pande zote mbili, nikalowesha kidole kwa mate na kusugua, nikanusa.

"Hiki kimefuliwa sana," nikasema kwa madaha. "Na pindo limechakaa. Mtanipunguzia."

Wakatazamana. Nikadhani wanashikilia bei, nikakitupa mkekani nikajifanya naondoka.

Mama mtu mzima akakiokota, akakikunja upya polepole.

"Mwanangu, hizi hatuuzi. Ni nguo za marehemu dada yangu. Tumemaliza matanga, leo tunagawana."

Nikaanza kupapasa viatu vyangu.

"Ulipovua viatu tulishukuru," akasema. "Tulidhani tumepata jirani wa kwanza kuja kutupa pole."