Viti Tulivyokwenda Navyo Shule

Juzi niliitwa sekondari huku Pasua, ile ile niliyosoma mimi. Mwanangu wa kidato cha tatu ameacha kwenda, anashinda stendi anapiga debe. Nikasimama mlangoni mwa darasa, na wala sikusikia uchungu. Nikabaki natazama viti tu.

Zamani, rafiki yangu, kiti ulikwenda nacho mwenyewe. Tuliingia getini na viti kichwani, hata darasa lenyewe hatulijui. Changu alikitengeneza fundi wa mtaa wa Soweto hapa hapa mjini, na miguu yake haikulingana hata siku moja. Cha mwenzangu wa dawati alikichonga babu yake huko juu mlimani, kikashuka mjini juu ya gari la ndizi. Kilinukia ubao mbichi mpaka tukaingia kidato cha pili.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mkali, mkali kweli, ila alikuwa na utaratibu wake. Kiti cha mtoro hakiondolewi. Kinapanguswa vumbi kila asubuhi kana kwamba mwenyewe yupo, na Jumamosi mwalimu anamfuata kwao kwa miguu. "Mwambieni kiti chake kipo," ndiyo ilikuwa salamu yake. Wengine walirudi kwa aibu tu.

Mama wa mwenzangu alipoanza kuumwa miguu, mwenzangu akaacha shule amsaidie kuuza ndizi sokoni. Kiti chake nilikipangusa mimi, muhula mzima. Mwalimu alikwenda kwao mpaka mbwa wakamzoea. Halafu asubuhi moja binti yule mwenzangu akaja, hana sare, amejifunga kanga.

"Shikamoo, mwalimu. Nimefuata kiti."

"Marahaba. Si ukiache kidogo, mama? Mpaka mitihani."

"Mama anauza amesimama, mwalimu."

Mwalimu akakiinua kiti. Alikibeba mwenyewe mpaka sokoni, sisi tukaendelea kunakili ya ubaoni. Pale ubavuni kwangu pakabaki wazi hadi tunamaliza kidato cha nne, maana mwalimu hakuruhusu mtu apazibe.

Siku hizi viti ni vya shule, vya chuma, vyote sawa. Nikamwuliza mwalimu wa sasa, kijana mpole, mwanangu alikuwa anakaa wapi. Akazungusha macho darasani. Kila kiti kilikuwa na mtu.

"Hapo hapo katikati, mzazi," akasema. "Sikumbuki vizuri."

Nikamshukuru, nikaelekea stendi. Njia nzima nilitafuta la kumwambia mwanangu, maana lile la "kiti chako kipo" lisingekuwa kweli.