Mwalimu aliyerekodi sauti yake kabla ya kuipoteza

Kengele ya asubuhi haijagongwa bado, lakini mwalimu wa darasa la pili keshafungua madirisha na kutundika spika ndogo nyeusi kwenye msumari ulio kando ya ubao. Anaifuta vumbi la chaki, anaiunganisha na simu yake, kisha anasubiri watoto wakae. Wakishatulia, anabonyeza kioo cha simu.

“Hamjambo wanangu,” inasema spika. Ni sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayetabasamu.

“Hatujambo, Mwalimu,” wanaitikia watoto. Hakuna anayeitazama spika. Wanamtazama yeye, naye anaitikia kwa kichwa.

Sauti hiyo ni yake. Aliirekodi mwaka juzi, muda mfupi kabla ya madaktari kumwondoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichoko kooni, kwa sababu ya saratani. Tangu hapo hajatamka neno. Anapumua kupitia tundu dogo shingoni, ambalo hulifunika kwa skafu nyepesi, na huzungumza kwa mikono, kwa macho na kwa kuandika. Mahojiano haya aliyafanya kwa kuandika kwenye simu na kumsogezea mwandishi asome.

Wazazi wa mtaa ule humwita Kengele. Walimpa jina hilo zamani, enzi ambazo akiwasomesha watoto silabi, wauza mboga ng'ambo ya barabara walikuwa wanaitikia nao. Leo wengine wanaona aibu kulitamka mbele yake. Yeye halimkeri.

“Waendelee tu kuniita,” anaandika. “Wakiacha, nitajua wananihesabu marehemu.”

Sauti ilianza kukwaruza polepole. Alidhani ni chaki, akanywa maji ya moto na kupunguza kelele. Mwaka ukapita. Daktari alipomwita ofisini na kufunga mlango, alijua kabla hajaambiwa. Akaelezwa kwamba kisanduku cha sauti lazima kitoke, tena haraka.

“Nilimuuliza kama anaweza kunisubiri nimalize silabi,” anakumbuka. “Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini nilikuwa na watoto ambao walikuwa wamefika katikati. Nani angewaokota pale?”

Aliyemfungua macho ni jirani yake wa kazini, mwalimu wa darasa la kwanza, binti aliyemaliza chuo juzijuzi. Alimwonyesha tovuti ambamo walimu wa shule za msingi hupakia masomo yao: picha za kufundishia, michezo ya herufi, hadithi fupi zenye sauti. Mtu yeyote anapakua bure, hata kwa simu ya kawaida.

“Nilimwambia, Dada, kama hawa wanaweza kuweka masomo yao humu, wewe weka sauti,” anasema binti huyo. “Nilisema kumtuliza tu. Sikujua angelivalia njuga namna ile.”

Chumba cha kulala kikageuka studio. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alitundika mablanketi ukutani ili mwangwi upungue, akaacha kuwasha mashine yake mchana kutwa, wateja wakanuna. Yeye ndiye aliyeshika simu. Mke wake akasoma: irabu, silabi, maneno, hadithi. Akarekodi na vile vijineno vidogo ambavyo hakuna kitabu kinachoviandika. Rudia, mwanangu. Usiogope, hakuna anayekucheka. Vizuri sana, sasa mpe mwenzako.

Jioni moja mume akamwomba na yeye awekewe chochote, neno moja tu la nyumbani.

“Akaniambia, ‘Kesho, Fundi. Leo nimechoka, na sijamaliza maneno ya ng'ombe na ng'ambo,’” anasimulia, huku akiitazama mikono yake. “Kesho yake sauti ikaamka haipo. Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Haikurudi tena, hata siku ya upasuaji.”

Kwa hiyo nyumbani hakuna kilichobaki. Walimu wenzake wanasema siku nyingine humwona Fundi amesimama nje ya darasa la pili, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Akisikiliza kidogo, anakwenda zake kazini.

Kurudi kazini hakukuwa rahisi. Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima zote, kisha akampa ufunguo wa stoo ya vitabu. Alimwambia akae huko, apumzike, mshahara utaendelea kama kawaida. Yeye akaurudisha ufunguo mezani na kuandika kwenye karatasi: naomba muhula mmoja tu. Watoto wasiposoma, nitakwenda stoo mwenyewe.

“Nilikubali kwa shingo upande,” anakiri mwalimu mkuu. “Nilidhani namhurumia. Na niliwaogopa wazazi.”

Siku ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Alikuwa amepakua programu inayosoma maandishi kwa sauti, aitumie kuzungumza na watoto. Programu ile ilitamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Ilipotaka kusema “kaeni chini”, darasa zima lilicheka hadi likalia. Aliizima, akakaa kitini, akawaangalia.

“Nilitamani kulia na mimi,” anaandika. “Lakini nikilia sitoi sauti, na nilijua hilo lingewatisha zaidi.”

Akawasha rekodi zake. Darasa likanyamaza. Mtoto mmoja aliinuka, akaenda kuchungulia nyuma ya spika, akarudi kukaa. Wiki ileile alikuja mwanafunzi mgeni, msichana aliyehamia kutoka shule nyingine. Aliuliza mama anayesoma ni nani.

“Ni Mwalimu,” wenzake wakamjibu.

“Mbona Mwalimu hasemi?”

“Anasema,” akajibu aliyekaa naye dawati moja. “Ila alisema zamani.”

Lakini rekodi ina upungufu wake, na mwalimu huyu haufichi. Haisikii. Mtoto akisoma “mbuzi” badala ya “mbuni”, spika inaendelea na safari yake. Ikabidi abuni njia. Akisikia kosa, anagonga dawati mara moja. Wote wanasimama, na mwenye kujua anamsaidia mwenzake kwa sauti ya chini. Mwanzoni walizomeana. Kadiri wiki zilivyosonga wakazoea, hata yule mwoga kuliko wote, aliyekuwa akisoma ameinamia meza, akaanza kuinua uso.

Mwishoni mwa muhula mwalimu mkuu aliingia bila taarifa, akaketi dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani. Aliwasomesha watoto mmoja mmoja, kutoka kitabu ambacho hawakuwahi kukiona. Wachache walikwama. Wengi walisoma. Kisha alitoka, na ratiba ya muhula uliofuata ilipobandikwa, darasa la pili lilikuwa na mwalimu wake yuleyule.

Rekodi hizo sasa zipo kwenye tovuti ileile aliyoonyeshwa na binti. Walimu asiowajua wanazitumia, baadhi katika madarasa yenye watoto wengi kuliko viti. Mmoja wao alimwandikia kumshukuru, akamalizia kwa ombi: tafadhali, Mwalimu, tuongezee hadithi nyingine kwa sauti hiyohiyo.

Alikaa na ujumbe huo siku kadhaa. Mume wake anasema alimwona akiufungua na kuufunga. Hatimaye alijibu: “Sauti hiyo imeisha, ndugu yangu. Zilizopo ndizo hizo.”

Alipokwisha kuutuma, akaona hawezi kuuacha uishie pale. Akaanza kutunga hadithi mpya, fupi, za maneno mepesi, akaenda kuwatafuta wanafunzi wake wa muhula ule mgumu, ambao sasa wako darasa la tatu, wazisome badala yake.

Mchana wa siku ya mahojiano, watatu wamebaki baada ya masomo katika chumba cha walimu. Mwalimu wa darasa la kwanza, yule binti, ameweka simu yake mezani irekodi, amefunga madirisha na kuwaomba walioko nje wapunguze mpira. Msichana aliyekuja mgeni ndiye anayeanza. Anasoma sentensi mbili, anajikwaa kwenye ya tatu. Mwalimu anagonga meza mara moja. Msichana anavuta pumzi, anarudi mwanzo.

“Miaka michache ijayo nitastaafu,” anaandika mwalimu, akimsogezea mwandishi simu yake huku jicho liko kwa msomaji wake. “Kabla ya hapo nataka hadithi zijae kwenye tovuti, na zote zisomwe na watoto. Mwalimu akifungua, darasa lake lisikie watoto wenzao, si mimi.”

Kisha anaisogeza simu ya binti karibu na msichana, anaangalia kama bado inarekodi, na kumwashiria aendelee.