Jua Juu ya Barabara ya Barafu

Bibi yangu mzaa mama alikaa siku nne bila kuzikwa. Alifia hospitali ya misheni, ng'ambo ya mlima, na lori lililombeba likazama kwenye tope la masika. Nyumbani tulikuwa tumeshachimba kaburi, likawa linajaa maji, tunayachota kwa ndoo, linajaa tena. Mjomba wangu mmoja, ambaye ulevi wake ni habari nyingine ndefu, ndiye aliyetutuliza. Alisema tusubiri jua. Kweli, siku mbili za jua tope likakauka, lori likapanda, bibi akazikwa. Mimi shule nilikuwa nimeshaiacha, darasa la tatu tu, na nadhani hakuna somo lililoniingia kuliko hilo: jua likitoka, barabara inafunguka. Nililibeba miaka na miaka, nikafika nalo Guangzhou, Uchina.

Huko nilikuwa nanunua fulana za watoto, soko la Shahe, kwa robota. Mchana nilikula kwenye mgahawa wa ghorofani, barabara ya Huanshi Zhonglu, si kwa utamu wa chakula, ila walikuwa na televisheni na kijiko cha jiko la umeme miguuni. Nimesema kijiko? Si cha kulia, ni jiko dogo la kuotea moto. Mwaka ule sikukuu yao ya mwaka mpya ilikuja na baridi ambayo wenyeji wenyewe waliilalamikia. Mjini ilikuwa mvua nyembamba tu, ile inayoingia kwenye magoti. Lakini huko juu, kwenye milima ya Hunan, barabara ziliganda, na malori yote ya kutoka kaskazini yakasimama.

Ndio mwaka huo huo polisi walianza kutukagua. Walisimama kwenye madaraja ya waenda kwa miguu na milangoni mwa majengo ya biashara, wakadai pasipoti. Mwenye viza iliyokwisha aliondoka nao.

Niliishi chumba kimoja na jamaa wa Tanga, Mwislamu, mtu wa utani mwingi. Alikuwa ameuza duka lake lote ili anunue mablanketi kutoka kiwanda cha kaskazini. Safari iliyotangulia aliondoka bila kuuona mzigo, akaufungulia Dar es Salaam: juu blanketi mbili safi, ndani matambara. Akaapa hatapanda ndege tena kabla ya kukata kamba za marobota kwa mkono wake. Sisi wote tuliishi hivyo, mzigo usiofunguliwa mbele ya macho yako uliuhesabu umepotea. Sasa mablanketi yamekwama Hunan, ndege yake ni Ijumaa, na viza inaisha Jumamosi.

Basi kila mchana tulingoja utabiri wa hali ya hewa. Mama mmoja alisimama mbele ya ramani, na juu ya Hunan palikuwa na vinyota vya theluji, siku baada ya siku. Jumatano nikaona jua. Majua matatu, yamepangana.

"Sheikh, usiondoke," nikamwambia. "Keshokutwa mzigo uko hapa."

"Mzee wangu, herufi za kwenu zilikushinda. Hizi za Kichina umezijulia wapi?"

"Nasoma picha. Jua ni jua."

Alicheka, lakini aliitazama ile ramani mpaka ilipoondolewa. Ijumaa ndege yake ikaenda bila yeye. Mimi ndiye niliyemzuia, sina wa kumsingizia.

Keshokutwa ikapita, mzigo haukuja. Jumamosi ikapita. Akawa hatoki nje, namletea wali kwenye mfuko, anakula akiwa amesimama nyuma ya pazia. Utani ulimwisha. Aliuliza jambo moja tu, kama jua bado lipo kwenye ramani. Nikamjibu lipo, na kweli lilikuwepo.

Siku ya tano baada ya viza kwisha, mwenye stoo ya kupokelea mizigo yetu alipiga simu. Tulimwita laoban, yaani bosi, mama mnene wa mtaa wa Guangyuan Xilu. Jamaa hakuelewa simuni, akavaa kofia yangu, tukaenda wote kwa vichochoro.

Laoban hakutukaribisha chai kama kawaida yake. Alitueleza polepole, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono. Mchana jua liliyeyusha barafu ya barabarani. Jioni yale maji yakaganda upya. Akapitisha kiganja juu ya kioo cha meza yake, kikateleza mpaka ukingoni, kikaanguka. Lori lilikuwa limetumbukia mtoni. Dereva alipona. Jamaa akauliza mablanketi.

"Mei you," akasema laoban. Hilo neno tulilijua sote, ni hakuna.

Akamwomba arudie. Akarudia.

Mimi nilianza kusema kitu, sijui hata kitu gani, kwamba pengine yataopolewa, yakaushwe. Jamaa aliivua kofia yangu kichwani mwake, akanirudishia mkononi.

"Jua lako hilo, mzee wangu," akasema, bila hasira.

Akatoka. Nilisimama mlangoni nikidhani anakwenda kuvuta pumzi. Njia ya vichochoro ilikuwa kushoto. Yeye alishika kulia, kwenye barabara kubwa, akawapita wapagazi na marobota yao mgongoni, kichwa wazi, taratibu, akielekea kule darajani ambako polisi walikuwa wamesimama tangu asubuhi. Sikumwita. Hakurudi tena.