Hina Kwenye Kitabu cha Noti

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya kazi. Niliingia karakana ya kukarabati karatasi kongwe, hapa Maskati, bibi harusi wa juzi, hina imenijaa mpaka viwikoni, nikidhani nimependeza. Mkuu wa Karakana, mama mnene asiyecheka ovyo, akaniambia, "Nioneshe mikono." Nikamwonesha kwa maringo.

"Mashaallah. Sasa nenda ukafute vumbi rafuni. Karatasi hutoigusa mpaka hiyo hina ifutike."

Nilinuna wiki nzima. Baadaye nilielewa: mkono wenye hina mpya ukitoka jasho huacha rangi, na kuitoa rangi kwenye karatasi ni kazi. Tangu hapo sikutia hina tena, hata Idi, hata wanangu walipoolewa.

Nilianzia meza ya majalada, nikajifunza kushona vitabu, kisha nikahamishiwa kuosha. Vijana hushangaa nikisema tukiosha karatasi. Ndiyo. Karatasi ya zamani huliwa na asidi iliyomo ndani yake yenyewe, ikakatika kama biskuti. Tunailaza kwenye sinia la maji yenye chokaa kidogo, uchafu unatoka, nguvu inarudi. Madoa sugu yana dawa yake.

Nikikaribia kustaafu akaja Bi Zuwena, mjane kutoka mji wa Sib, na kitabu alichokifunga kwa kanga. Zilikuwa noti za nyimbo za kinanda cha Kizungu, piano, zilizochapwa Ulaya, nyimbo za kupigwa sebuleni, zimekusanywa mojamoja na kutiwa jalada moja. Juu ya jalada, kwa dhahabu na kwa herufi za Kiarabu, jina la mwanamke: bibi wa mama yake, aliyeishi Unguja karne ya kumi na tisa. Mwanamke wa nyumba zetu, enzi zile, na noti zake! Nililiangalia jina lile mpaka chai yangu ikapoa.

"Wajomba zangu wakisema kinanda kilikuwa pambo tu," Bi Zuwena alisema. "Ati bibi hakujua hata kukifunua. Mie nnataka kujua kitu kimoja, mwanangu. Akipiga mwenyewe, au wamesema kweli?"

Nikakifunua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zilikuwa safi, hazina hata alama ya kalamu. Ila kwenye wimbo mmoja, pembe za chini zilikuwa na madoa ya rangi ya kutu.

"Unyevu huo, Bi Salma," alisema Mkurugenzi wa Hifadhi. "Osha, tia dawa, yatoke."

Siku ya kuosha, sinia liko tayari, Bi Zuwena alikuja kukitazama kitabu chake. Idi ilikuwa imepita juzi tu, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimechovywa hina. Kabla sijamkataza, akashika pembe kufunua ukurasa, na kidole kikakaa juu ya doa. Rangi ile ile, umbo lile lile.

"Doa hili ni hina," nikasema. "Tena mbichi. Ikikauka haiachi doa zito namna hii."

Kwetu mwanamke mwenye hina mbichi hagusi kitu. Hulishwa, hunyweshwa maji, akiwashwa pua hukunwa. Na bibi huyu wa Unguja aliinuka katikati ya wenziwe, hina ikimdondoka, akakaa kwenye kinanda na kugeuza kurasa mpaka wimbo ukaisha.

Bi Zuwena alicheka huku machozi yanamtoka. "Mama akitwambia yale meno ya kupigia ya kinanda cha Unguja yalikuwa mekundu! Sie tukidhani mtu kayatemea mate ya tambuu!"

Mkurugenzi alivua miwani, akainama juu ya ukurasa kwa muda. "Mwaga maji hayo, Bi Salma," akasema kwa sauti ya chini.

Wimbo ule haukuoshwa. Bi Zuwena alirudi Sib na jibu lake.

Mimi nilistaafu, nikahamia Al Amerat kwa binti yangu. Jioni niliyoaga kazi, wanangu walinitia hina mikono yote miwili. Nikakaa nimeinyoosha mbele yangu, wananilisha tambi kwa kijiko, nikijiuliza ni kitu gani duniani ningekiinukia na hina mbichi mikononi. Mpaka leo bado najiuliza.