Moteri yenye ilikimbiza avenue muzima

Leo niko na hasira, musinichekeshe.

Munajua, niko natengeneza ndege ya vita ya mbao, ya kuchezea, ya kuongoza kwa mbali na telekomande, ukubwa yake inalingana na kitanda. Ilibakia tu moteri.

Niliweka mbili mezani: ya mashini ya kukata majani, na ya mashini ya kupasulia mbao. Kaka Bahati, mekanisie, fundi wa moteri, akasema: "Kamata ya mbao. Ile njo iko na nguvu!"

Saa sita ya muchana tukaiwasha mu parsele, kiwanja ya kwetu, hapa Kitshanga.

Na elisi mbele, ile panga ya kuzunguka, haikulia tena sawa mashini ya kupasulia mbao.

Nilizani bantu batakuja kushangaa. Bakakimbia! Avenue yote!

Nikapiga kelele: "Murudie! Iko kitu ya kuchezea!"

Bahati anacheka. Nilimufukuza.

Mama Furaha, jirani mwenye alikimbia vita Kalembe, nilimukuta kwake, chini ya kitanda, na batoto bake. Akaniambia polepole:

"Papa, ile drone yenye ilitupa bombe kwetu nayo ilianza kulia vile."

Hasira ikageuka: haikukuwa tena juu yabo, ilikuwa juu ya vita. Kwengine bantu banachagua moteri juu ya nguvu. Sisi tuchague juu ya sauti?

Moteri nimerudisha ku mashini yake. Muniambie: kuko moteri yenye sauti yake haitaingiza mutoto chini ya kitanda?