Mchanja Ndui wa Dunda

Miaka ile ya vita, Mwinshehe wa Dunda alishika nafasi ya kwanza katika mafunzo ya wachanja ndui Dar es Salaam. Kwa wiki sita waliketi kwenye mabenchi wakinakili yaliyoandikwa ubaoni. Alipoulizwa dawa ya chanjo ihifadhiwe vipi, alijibu bila kusita, "Mahali pa baridi, mbali na jua." Wenzake wakampigia makofi.

Ndui ilipoingia Vigwaza, alipewa vichupa vya dawa katika kisanduku cha bati, akapanda lori. Likaharibika njiani. Siku mbili kisanduku kilikaa juani, juu ya magunia. Kule mafunzoni, kuna aliyewahi kumkabidhi kisanduku kama kile akamwambia, haya, barafu huna, kivuli huna, utafanyaje? Hakuna.

Vigwaza watu waliogopa sindano. Dada yake, Ashatu, aliyeolewa pale na Kombo, akatangulia kunyoosha mkono ili wengine watoke.

"Sasa naweza kuwauguza wagonjwa?" aliuliza.

"Wauguze tu, dada. Haikupati tena."

Alichanja watu sitini, akaenda vijiji vya mbele. Aliporudi baada ya wiki tatu, Kombo alikuwa amekaa barazani peke yake.

"Tulimzika Ijumaa," alisema. Ashatu alikuwa amewaogesha wagonjwa wa nyumba tatu na kuwalisha uji.

Mwinshehe akapita nyumba kwa nyumba, akiomba kuona mikono ya waliochanjwa. Ngozi ilikuwa laini. Hakuna hata mmoja aliyeota lile pele la chanjo, linaloonyesha kuwa dawa imeshika. Dawa ilikuwa imekufa njiani, naye alichanja maji matupu. Akaketi chini palepale, akalia mbele za watu.

"Sikulaumu, shemeji," Kombo alimwambia. "Lakini usije tena kwangu."

Alimweleza yote daktari aliyemsimamia kazini, akaomba aruhusiwe kufundisha wachanja wapya. Wanafunzi wake walinakili kidogo. Aliwatembeza juani hadi Chalinze, kila mmoja na kisanduku chake, wakijifunza kukizungushia nguo mbichi na kukitia ndani ya mtungi. Siku ya nane baada ya kuchanja, aliwarudisha kwa watu waliochanjwa, waikague mikono yao mmoja mmoja.

"Mwalimu, haya si ungetueleza tu darasani?" Alawi, mmoja wao, alilalamika.

"Mimi nilielezwa," alisema Mwinshehe, akaendelea kutembea.

Ndui iliporudi miaka kadhaa baadaye, wanafunzi hao waliizuia isivuke vijiji viwili. Mwinshehe alipoletewa habari alishukuru kwa adabu, akaingia ndani, akafunga mlango.